Karume hakurudi

Juzi usiku Kibibi kanijia na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Yeye na kaka yake siku hizi wanarusha sarafu kuamua nani aoshe vyombo, na alikuwa ameshindwa siku ya tano mfululizo.

"Baba, kesho lazima nishinde mimi, si ndiyo?"

Nikacheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo niliwahi kuyasikia yakisemwa na mtu mzima, gizani.

Ilikuwa mwaka wa pili chuoni. Darasani tulikuwa tumefika kwenye kanuni ya namba kubwa, kwamba ukirusha sarafu mara nyingi sana asilimia ya kila upande hukaribia nusu, ile iliyomsumbua mwanahisabati Jakob Bernoulli wa Basel, Uswisi, miaka 20 na kuja kuchapishwa 1713, mwenyewe akiwa kaburini mwaka wa nane. Kilichotukaa kichwani zaidi ni kisa cha John Kerrich, mhadhiri wa Afrika Kusini aliyenaswa Denmark Wajerumani walipoingia 1940. Akiwa kizuizini alirusha sarafu mara 10,000 na kupata upande wa kichwa mara 5,067.

Mwenzangu wa chumba alitoka pale anang'aa. Mikeka yake ya kubeti ilikuwa imechanika wiki nzima. "Umesikia, mwanangu? Lazima irudi katikati. Timu ikifungwa mara sita, ya saba unaweka hela."

Nikambishia. Usiku umeme ukakatika, tukawekeana chipsi mayai, tukatoa sarafu ya mia mbili, Karume upande mmoja, simba upande wa pili. Katika 100 za kwanza Karume alitokea mara 46, simba 54. "Karume anadaiwa nane," akasema. "Tukifika 1,000 atakuwa ameshalipa."

Tukarusha. Sarafu ikaingia uvunguni mara kadhaa, jirani akagonga ukuta.

Saa tisa kasoro mshumaa ulikuwa umebaki kisigino. Mwenzangu akapiga magoti kando ya godoro, akahesabu vile vijiti vya kalamu, vitano vitano, kwa ncha ya kidole. Nta ikadondoka kwenye ukurasa, akaikwangua kwa ukucha, akaanza upya. Karume 487. Simba 513. Akahesabu mara ya tatu, midomo ikicheza bila sauti.

"Deni limekuwa 26," akasema.

"Ndiyo."

"Lakini asilimia imetoka 46 ikaja 48.7. Imesogea katikati, na deni limekua. Inawezekanaje?"

Nikamwambia Karume hajalipa hata senti. Ile nane ya mwanzo imemezwa na wingi, basi. Hata Kerrich alimaliza na pengo la 134, ila ndani ya 10,000 nani ataliona? Pengo hukua kwa mwendo wa kipeuo cha pili: ukirusha mara nne zaidi, kwa kawaida linaongezeka mara mbili tu, kwa hiyo asilimia inakaribia nusu bila mtu yeyote kurudisha kitu. Nilijisikia profesa.

Akaiweka sarafu juu ya daftari, akaitazama. "Sasa mimi nasubiri nini?"

Nikacheka. Nilidhani anazungumzia sarafu.

Muhula uliofuata jina lake halikuwemo kwenye orodha ya waliolipa ada. Hakuniambia hela ilikwenda wapi, na mimi, niliyekuwa na maelezo ya kila kitu usiku ule, sikuuliza. Alirudi baada ya mwaka, akamaliza, sasa yuko Dodoma na familia yake. Chipsi mayai zangu hajalipa mpaka leo, na kila nikitaka kumkumbusha naona bora ninyamaze.

Kibibi alikuwa bado amesimama, povu linadondoka sakafuni.

"Sarafu haikumbuki ya jana," nikamwambia. "Kesho ni nusu kwa nusu, kama leo."

"Hata nikishindwa mara mia?"

"Ukishindwa mara mia, nitaomba kuikagua hiyo sarafu."

Akarudi jikoni. Dakika haikuisha nikamsikia akimwambia kaka yake ailete, aione pande zote mbili.