Nimerudi Nyumbani Nikiamini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tangu nirudi watu wameniuliza mengi: kazi niliiacha vipi, nimekuja kukaa au nitaondoka tena, mbona nimekonda. Swali ambalo hakuna aliyeniuliza, pengine kwa kunistahi, ndilo ninalotaka kulijibu hapa. Je, bado ninaamini? Ndiyo. Naamini kuliko siku niliyoondoka, na nina amani ambayo siku ile sikuwa nayo. Ila kati ya kuondoka na kurudi ipo miaka ambayo sikujua kama naamini au siamini, na sipendi kuiruka kana kwamba haikuwapo.

Nilipoondoka niliamini kwa sababu kila aliyenizunguka aliamini. Nyimbo nilizijua bila kitabu, na bila sala ya jioni usingizi haukuja. Ugenini hakuna aliyenihimiza kwenda ibadani, wala hakuna aliyeshangaa nisipokwenda. Tukabaki wawili, mimi na Mungu, na maswali niliyokuwa sijawahi kuyapa nafasi yakaanza kujitokeza moja moja. Mtu niliyemwombea apone akafariki. Nikasoma mabishano kuhusu Injili, nani aliziandika na lini. Nikafanya kazi na watu wema wasiomjua Kristo, na wengine waliolitaja jina lake kila saa huku wakiwadhulumu walio chini yao. Polepole nikaacha kuomba. Sikuwa na hasira na Mungu. Nilikosa tu la kumwambia.

Kilichonielemea kuliko maswali yenyewe ni fundisho nililokua nalo, kwamba mwenye mashaka ameshapotea. Hivyo nilinyamaza. Mama alipokuwa akiniombea kwa simu niliitikia amina, na moyoni sikuwa na hakika kama kuna anayesikia. Natamani mtu angenionyesha mapema nilichokuja kukikuta baadaye katika Mathayo sura ya 11.

Yohana Mbatizaji yuko gerezani. Huyu ndiye aliyembatiza Yesu katika Yordani, ndiye aliyesema, “Tazama, Mwana-kondoo wa Mungu.” Sasa amefungwa na Herode, siku zinapita, na yule aliyemtangaza haji kumtoa. Anawatuma wanafunzi wake na swali ambalo nisingethubutu kuliuliza kanisani: “Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?” Yesu hakumkemea. Aliwaambia warudi wakamweleze wanayoyasikia na kuyaona: vipofu wanapata kuona, viwete wanakwenda, maskini wanahubiriwa habari njema. Kisha, wajumbe wakishaondoka, akaugeukia umati na kusema kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea mtu mkuu kuliko Yohana. Sifa hiyo aliitoa siku ile ile ambayo Yohana alikuwa na shaka, hakungoja shaka iishe.

Na gereza halikufunguka. Yohana alikatwa kichwa mle mle. Ninaling'ang'ania jambo hili kwa sababu shuhuda nyingi tunazozisikia huishia kwenye mlango uliofunguka, na wapo watu ambao mlango wao haukufunguka. Yohana alipewa jibu lenye sababu za kuamini, kufunguliwa hakupewa. Na Bwana hakumhesabu kuwa mpotevu.

Baada ya hapo nikawaona wenye mashaka kila mahali katika Maandiko. Mathayo 28:17 inasema wanafunzi walipomwona Yesu aliyefufuka walimsujudia, “lakini baadhi yao waliona shaka.” Na hao hao ndio waliotumwa kwa mataifa yote. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani, na bado watu wa Mungu waliiweka katika kitabu chao cha sala.

Nilihitaji pia jambo la kushika kwa akili, maana sikutaka kurudi kwa sababu tu nimekumbuka nyumbani. Nikaenda kwenye ufufuo, kwa kuwa Paulo mwenyewe anasema kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure. Barua yake ya kwanza kwa Wakorintho iliandikwa kama mwaka 55, yaani miaka ipatayo 25 hivi tangu Yesu asulubiwe chini ya Pontio Pilato, na kusulubiwa huko hata Tacitus, mwanahistoria Mrumi asiyewapenda Wakristo, amekutaja. Katika sura ya 15 Paulo anasema anawapa wasomaji neno ambalo naye alilipokea kwa wengine, kisha anawataja mashahidi: Kefa (ndiye Petro), wale Thenashara (wanafunzi kumi na wawili), ndugu zaidi ya mia tano ambao wengi wao walikuwa hai bado, na Yakobo. Kwa Yakobo nilisimama muda mrefu. Yohana 7:5 inasema ndugu zake Yesu hawakumwamini. Baadaye tunamkuta Yakobo ndugu wa Bwana akiwa nguzo ya kanisa la Yerusalemu. Mtu aliyelelewa nyumba moja na Yesu asimwamini, kisha aje amwite Bwana: ni nini kilichomgeuza? Halafu Injili zote nne zinawaweka wanawake mbele kaburini, wakati ambapo ushuhuda wa mwanamke haukupewa uzito. Anayetunga habari ili aaminiwe asingeanzia hapo.

Sisemi haya yanamnyamazisha kila mbishi. Kwangu yalitosha kuonyesha kwamba kuamini si kufumba macho. Lakini amani haikuja. Nilikuwa na hoja nzuri na bado usiku nilikesha.

Amani ilikuja baada ya kurudi. Mzee mmoja wa kanisa, aliyenifahamu tangu utoto, alikuja kunisalimia. Sijui alinisomaje usoni, lakini tulipobaki wawili akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, ukiomba siku hizi unamwambia Mungu nini?” Nikamwambia, “Mzee wangu, siombi. Nikishapata majibu nitaomba.” Hakunihubiria. Akasema, “Hayo maswali unayowauliza watu, muulize na yeye.” Kisha akanikumbusha baba wa yule kijana mwenye pepo katika Marko sura ya 9, aliyepaza sauti, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Mtoto wake aliponywa siku hiyo hiyo, kwa sala iliyokuwa nusu imani na nusu shaka.

Usiku ule niliomba. Sikuona maono wala sikulia. Nilimweleza Mungu habari ya yule niliyemwombea akafariki, nikamwambia kwamba sielewi, na kwamba nimechoka kukaa mbali naye nikingoja kuelewa. Nililala hadi asubuhi. Siku zilizofuata niliendelea, na nikaona kwamba yale maswali yamebaki vile vile ila hayanitishi tena. Nilikuwa nayabeba peke yangu kama mzigo wa mtu asiye na wa kumpokea, na sasa yuko wa kumpa. Sina namna nyingine ya kuieleza amani hii. Paulo anasema inapita akili zote, nami nadhani hakuwa anatia chumvi.

Nimefarijika sana na historia ya Augustino, mwalimu mashuhuri wa kanisa la kale. Alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, Afrika ya Kaskazini, katika nchi inayoitwa leo Algeria, na mama yake Monika alikuwa Mkristo mwenye kuomba. Kijana akaiacha imani ya mama, akawafuata Wamani, yaani wafuasi wa dini ya Mani, kwa miaka ipatayo tisa, akavuka bahari kwenda Roma na kisha Milano, akitafuta cheo na akitafuta ukweli. Mwaka 386 aliamini. Pasaka ya 387 akabatizwa na askofu Ambrosi. Mwaka huo huo, wakiwa njiani kurudi Afrika, Monika akafariki kwenye bandari ya Ostia. Mwanawe alifika nyumbani mwaka 388 akiwa na ile imani ambayo mama aliililia miaka yote. Wazazi mnaosoma hapa, mlio na watoto waliokwenda mbali na Mungu: Monika hakuwa na hoja za kumshinda mwanawe, na Augustino alikuwa hodari wa maneno kumpita. Mama huyo aliomba, akamfuata hadi Milano, akakaa karibu naye. Mama yangu mimi yuko hai, nimeketi naye na kumweleza yote, pamoja na zile amina za kwenye simu. Alisema alijua.

Kuna mambo bado sijayaelewa. Sijui kwa nini huyu huponywa na yule asiponywe, na nikisikia mtu analijibu swali hilo harakaharaka napata uchungu kwa ajili ya walio msibani. Yesu aliposema, “Amani nawaachieni; amani yangu nawapa,” ilikuwa usiku wa kukamatwa kwake, na kesho yake alisulubiwa. Kwa hiyo siitazamii amani yake iwe kinga ya kutoumia.

Kwa wachungaji na viongozi wa vijana nina ombi moja. Yuda mstari wa 22 umeagiza kuwahurumia walio na shaka. Kijana akija na swali gumu, msimwombee mapepo kabla hamjamsikiliza. Mkae naye. Kama jibu hamna, mwambieni hamna, na mwendelee kukaa naye.

Na wewe uliye mbali, nyumbani au ugenini, unayeitikia amina usizoziamini: soma Injili ya Marko. Ni sura 16 tu, unaweza kuimaliza kwa jioni moja. Ukifika sura ya 9 mstari wa 24, simama hapo uombe maneno ya yule baba kama yalivyo. Ukitaka mtu wa kuzungumza naye, niandikie. Sitakuhubiria.