Mistari ya karo za nyumba yetu, Mabanga

Tuliporudi Goma kutoka Minova mwezi wa 6 mwaka 2021, nyumba yetu ya mtaa wa Mabanga ilikuwa imesimama, nikamshukuru Mungu palepale mlangoni kabla sijaingia. Volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5. Siku zilizofuata ardhi ya Goma ilitikisika mchana na usiku, hadi tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama, nasi tukafunga mizigo. Lava ilisimama upande wa Buhene, haikufika kwetu Mabanga. Lakini nilipofagia sebule niliona ufa mwembamba umeanzia mlango wa bafu, ukafuata mstari wa katikati ya karo, yaani vigae vya sakafu, ukakata kona na kuendelea hadi jikoni. Karo zenyewe zilikuwa nzima. Kilichopasuka ni ile simenti inayojaza nafasi kati ya karo na karo.

Tulimwita fundi. Alikoroga simenti nyeupe, akaipaka juu ya mistari ya zamani, na kwa siku moja kazi ikawa imeisha. Ilipendeza macho. Kufika Noeli ilikuwa inabanduka vipande vipande kila nilipopitisha fagio, na ufa ulikuwa umerudi palepale. Mume wangu akasema tung'oe karo zote tuanze upya. Nilikataa, maana karo hazikuwa na kosa na fedha ya kununua nyingine hatukuwa nayo.

Aliyenifungua macho ni mdogo wake, anayetandaza karo Bukavu. Nilimpigia simu nikamweleza.

"Shemeji, umekwisha kuzigonga?"

"Kuzigonga kwa nini?"

"Chukua mpini wa kisu, gonga karo moja moja kando ya ule ufa, usikilize. Ikilia kama debe tupu, chini yake hamna kitu. Hapo utaweka simenti ya aina yoyote, ufa utarudi tu, kwa sababu karo inacheza ukiikanyaga."

Nilipiga magoti sebuleni na mpini wa kisu, simu ikiwa kwenye spika, yeye akisikiliza kutoka Bukavu. Karo nne mbele ya mlango wa bafu zililia kama debe. Nyingine zote zilijibu kwa sauti nzito. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya karo nne na mistari yake, wala si ya nyumba nzima! Zile nne alikuja kuzibandika mwenyewe alipopanda meli kututembelea, na mimi nikabaki na mistari.

Kabla ya kurekebisha ilinibidi nisafishe, ili nijue wapi pamekufa na wapi ni uchafu tu. Wakaaji wa Goma tunalijua vumbi letu. Ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya volkano, na ukilishika vidoleni linakwaruza kama msasa. Miaka yote nilikuwa nikimwaga maji kwanza, kisha napiga deki. Kumbe ndiyo njia ya kulipeleka vumbi kwenye mistari. Mstari uko chini kidogo ya uso wa karo, na simenti ina vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo maji machafu yanatiririkia humo, yanakauka, uchafu unabaki. Sasa nafagia mara mbili pakiwa pakavu, na ndani ya mistari napitisha brosi ndogo, kabla tone lolote la maji halijagusa sakafu.

Maji yenyewe kwetu ni ya bidoni, na wakati mwingine bidoni inakuja kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, basi nilijipangia lita 20 kwa chumba kimoja. Zilitosha. Nilichukua bikarbonati, ile tunayotia kwenye maharage yaive haraka, nikaichanganya na maji kidogo hadi ikawa uji mzito, nikaipaka mstari mmoja baada ya mwingine na kuiacha dakika 10. Kisha nikasugua kwa brosi ngumu ya plastiki. Ya chuma inachimba simenti na kukwaruza karo. Uchafu niliupangusa kwa kitambaa kabla haujakauka, na maji ya beseni niliyabadilisha mara tu yalipokuwa meusi.

Jirani, mama ninayemheshimu sana, alinishauri siki. Nilijaribu nyuma ya mlango, pasipoonekana. Ilitoa povu, mstari ukang'aa, nikafurahi. Kesho yake nilipitisha kidole, mchanga ukatoka. Siki ni asidi na simenti ina chokaa, kwa hiyo usafi ule unapatikana kwa kuula mstari wenyewe. Maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo nyeupe, niliyatumia bafuni tu, kwenye ukungu mweusi, dirisha likiwa wazi. Na hapa naomba mtu asipite haraka: javeli na siki visikutane kamwe, hata kwenye ndoo moja isiyosuuzwa vizuri. Vinatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na bafu zetu nyingi ni ndogo na zina kidirisha kimoja.

Baada ya kusafisha niliona ukweli. Sehemu kubwa ya mistari ilikuwa nzima. Iliyokufa ilikuwa ya mita kama kumi na moja, na hiyo niliichimba yote kwa kipande cha msumeno wa chuma nilichokizungushia kitambaa upande wa kushika. Shemeji alinipa kipimo: uchimbe angalau nusu ya unene wa karo. Karo zetu zina milimita 8, basi nikachimba 4. Simenti mpya inahitaji kina na kuta safi za kushikilia, ndiyo maana ile ya fundi iliyopakwa juu ilibanduka. Kazi hii ndiyo iliyonichosha kuliko zote. Jioni ya kwanza nilimaliza mita moja na nusu, na mgongo ulikataa kunyooka. Ilinichukua jioni nane. Nilivaa miwani, maana vipande vinaruka usoni.

Simenti ya mistari niliinunua Birere, mifuko miwili tofauti: yenye mchanga kwa sakafu, kwa kuwa nafasi zetu zinazidi milimita 3, na laini isiyo na mchanga kwa ukuta wa bafu, ambako nafasi ni nyembamba. Maji nilitia kidogo kidogo hadi ikawa nzito kama karanga za kusaga tunazotia kwenye sombe. Ukitia maji mengi inateleza vizuri mkononi, lakini ikikauka inapasuka na kuwa ungaunga. Niliiacha ipumzike dakika 10, nikaikoroga tena bila kuongeza maji. Kuisukuma ndani nilitumia kipande cha mpira nilichokata kwenye kandambili ya zamani, nikikipitisha mshazari, kwa sababu ukifuata mstari wenyewe unaichota tena na kuitoa. Baada ya dakika 20 nilipangusa kwa sifongo iliyokamuliwa sana. Karo zilibaki na ukungu mweupe, ukatoka kesho yake kwa kitambaa kikavu.

Pale sakafu inapokutana na ukuta, na kuzunguka beseni la bafu, sikuweka simenti. Hapo niliweka silikoni. Ukuta na sakafu havitembei pamoja, hasa kwenye jiji linalotikisika kama letu. Simenti haijui kujinyoosha, silikoni inajua.

Siku tatu nilinyunyizia mistari maji kidogo asubuhi na jioni isikauke haraka, na siku ya kwanza hakuna aliyekanyaga. Watoto walipita dirishani na kuona ni sikukuu. Kisha nikasubiri wiki mbili za kiangazi pakauke kabisa ndani, ndipo nikapaka dawa ya kuzuia maji, ile isiyong'aa inayozama ndani ya simenti. Goma sikuipata, mfanyabiashara mmoja aliniletea lita moja kutoka Kampala. Nilipaka mistari tu kwa brosi ndogo, na iliyomwagikia karo niliifuta kabla ya dakika 5, ikikauka hapo inaacha utando unaonata. Saa kadhaa baadaye nikarudia mara ya pili.

Hiyo ilikuwa kiangazi cha 2022. Tangu hapo, kila mwaka mwezi wa 7 nadondosha maji kwenye mistari ya kila chumba na kuangalia. Tone likikaa juu kama shanga, dawa bado ina nguvu. Mara ya mwisho sebule na bafu vilikuwa sawa, na ule ufa wa mlangoni haujarudi. Karibu na mbabula, lile jiko letu la makaa, tone lilizama mara moja na mstari ukawa mweusi. Pale pana mafuta na makala kila siku. Chupa ina dawa kidogo iliyobaki. Nasubiri Jumamosi watoto wakiwa kwa bibi yao.