Vermont imewaka rangi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Huku Vermont, Marekani, ni Oktoba, milima imegeuka myekundu na ya dhahabu. Kwetu Mbeya sikuwahi kuona msitu mzima ukibadilika hivi. Ile njano ilikuwemo ndani ya jani muda wote. Kijani kikiisha ndipo inajitokeza.

Lakini kilichonitoa machozi leo ni kitu kidogo. Niliinamisha tawi, nikaona penye kikonyo cha jani linalokaribia kudondoka pameshatunga tumba la majani ya mwakani. Kabla ya theluji! Katika Mathayo 24 Yesu alionyesha tawi la mtini likichipua, akasema tujue yu karibu. Mama yangu alilala akimngoja. Nami namngoja, na mama nitamwona. Njoo, Bwana Yesu!