Kupwelewa Jangwani

Jana asubuhi pwani ya Wete palikuwa na dau limepandishwa juu ya magogo, vijana wanalipaka sifa. Harufu ile ya mafuta ya papa ikishakuingia puani haikutoki siku nzima. Nilisimama pale mpaka mmoja wao akaniuliza kama nina haja na mtu. Sikuwa na haja na mtu. Nilikuwa nimerudi barazani kwa Ami, mwaka 2012, umeme umekatika, ramani ya mto Colorado imetandikwa juu ya mkeka.

Nilikuja nayo kutoka Flagstaff, Marekani, likizo ya masomo. Wenzangu wa chuo walikuwa wamepata kibali cha kushuka mto ule ndani ya korongo la Grand Canyon, safari ya kujiendesha wenyewe. Kibali hicho hutolewa kwa bahati nasibu, na wapo wanaoomba miaka nenda miaka rudi wasikipate. Watu 8, boti 3 za mpira, siku 16, kutoka Lees Ferry hadi Diamond Creek, kama kilomita 363. Mimi nilipewa chakula. Daftari lilijaa hesabu za mchele, maharage, ndimu, na barafu itakayostahimili siku ngapi katika joto linalopita nyuzi 40. Humo korongoni unachoingia nacho ndicho unachotoka nacho, hata jivu la kuni, hata choo chenu mnakibeba.

Iliyobaki ni idhini ya nyumbani. Mama nilishamwambia. Hakusema ndiyo, hakusema la, aliendelea kuchambua mchele. Meli ya Spice Islander ilikuwa imezama Septemba ya mwaka uliotangulia, ikitoka Unguja kuja kwetu Pemba, na misiba yake ilikuwa bado haijapoa. Nikaenda kwa Ami nikitaraji atanisemea.

Ami akaivuta taa karibu. Kidole chake kikaanzia Lees Ferry, kikateremka na mto taratibu, kama mtu anayepapasa mshono wa kalafati. Akauliza vile vistari vinavyokata mto ni kitu gani. Nikamwambia ni mahali maji yanapoporomoka juu ya mawe, kila pahala pana jina lake, na ukali wake unapimwa kutoka 1 hadi 10. Nikamwonyesha Lava Falls, iliyo juu kabisa katika kipimo hicho. Nilijua hapo ndipo atakaponigombeza. Kidole kikapita.

"Usiku mnalala wapi?"

"Mchangani, Ami. Pana vifukwe."

"Na vyombo?"

"Tunavifunga hapo hapo ukingoni."

"Maji yanakupwa?"

Nikamwambia huo ni mto, Ami, tena uko jangwani, bahari iko mbali.

"Yanatoka wapi?"

Nikamwonyesha bwawa la Glen Canyon, kama kilomita 25 juu ya Lees Ferry. Akauliza nani anayafungulia. Nikasema watu wa umeme.

"Wanayafungulia sawasawa, usiku na mchana?"

Sikuwa na jibu. Ami akainuka, akarudi na sinia ya bati yenye maji kidogo na kifuu cha nazi. Akakiweka kifuu ukingoni kikaelea. Kisha akaiinamisha sinia upande wake, polepole, maji yakamfuata, na kifuu kikabaki juu ya bati kavu, kimelala ubavu.

"Mmepwelewa," akasema. "Na ndani mna chakula cha watu wanane. Mtakisukuma kwa nguvu gani?"

Kesho yake nikawaandikia wenzangu. Ilikuwa kweli. Bwawa huongeza maji pale miji inapohitaji umeme mwingi, huyapunguza mahitaji yakishuka, na kule kujaa na kupwa husafiri na mto masaa na masaa, hata kambi moja ikapwa alfajiri na nyingine adhuhuri. Maneno ya Ami yakaandikwa ukurasa wa kwanza wa mpango, juu ya hesabu zangu za mchele: kamba iwe ndefu, chombo kikae maji ya kina, na mtu aamke usiku akitazame.

Sikwenda. Mama hakunikataza hata siku moja, ila sikuweza kuubeba ukimya wake mpaka kule. Nafasi yangu akaichukua mwengine.

Walipotoka walinipa habari. Asubuhi moja walilipita kundi jengine lililokuwa limekaa juu ya mchanga likingojea maji, boti zimekauka. Zao zilikuwa zimelala zinaelea. Nikampigia Ami simu papo hapo. Alifurahi mpaka sauti ikamkwama. Akataka kujua kamba ilikuwa pima ngapi, imefungwa fundo gani, nani aliyeamka.

"Sijui, Ami. Mimi sikwenda."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia adhana ya magharibi upande wake.

"Mie nikidhani ni wewe uliyeamka," akasema.