Sona ilijaza visamaki vya uongo: jinsi nilivyoirekebisha

Sona ya boti yetu pale Kunduchi, yaani kifaa kinachotafuta samaki kwa sauti, ilichora alama za visamaki kwenye skrini njia nzima hadi kisiwa cha Mbudya, na mishipi ikarudi mitupu. Nilianza kwa kuzima hizo alama. Ni makisio ya programu tu. Hata mapovu yanaweza kuitwa samaki. Ukibaki na mwangwi wenyewe ndipo unasoma bahari. Nikaona pinde nusunusu, zote zimeegemea upande mmoja.

Upinde hutokea hivi: sauti hushuka kwa umbo la koni. Samaki akiingia pembeni yuko mbali na boti, katikati yuko karibu, akitoka yuko mbali tena. Kwa hiyo urefu wa upinde si urefu wa samaki! Boti ikisimama na samaki akatulia, utaona mstari mrefu.

Kumbe kitambuzi cha nyuma ya boti, kile kinachotuma na kupokea sauti, kilikuwa kimeinama. Nikalegeza skrubu, nikakielekeza chini wima, nikaongeza usikivu. Safari iliyofuata pinde kamili zilitokea juu ya mwamba, na changu wakala chambo. Jodari ni wagumu zaidi kuonekana kwenye sona: baadhi yao hawana kibofu cha hewa, ambacho ndicho hurudisha sauti kwa nguvu.