Gokati iliyogoma kukata kona: nilivyoitatua

Gokati yetu, kigari kidogo cha mbio, tuliiunda Unga Limited, Arusha, kwa mabomba chakavu na injini ya pikipiki. Mstari mnyoofu ilikwenda vizuri; kwenye kona unakata usukani wote, yenyewe inanyoosha mbele huku tairi za nyuma zikiburuza kokoto.

Chanzo ni ekseli, yaani chuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma. Magurudumu yote mawili ya nyuma yamechomelewa humo, kwa hiyo yanazunguka sawasawa, ilhali kwenye kona la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Difu, kifaa kinachoruhusu magurudumu hayo yazunguke kwa kasi tofauti, ni ghali. Nikamwambia fundi, "Kaka, kata weldingi ya gurudumu la kulia, tutie beringi lizunguke lenyewe."

Sasa cheni inasukuma la kushoto tu. Ukikanyaga mafuta ghafla inavuta kidogo kulia, lakini kona inakata safi! Nati ya nje ya gurudumu la kulia itieni pini, isijifungue.