Gunia la 16

Nilipoanza ukaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha unga, utaratibu ulikuwa mmoja: lori la mahindi likifunguliwa nyuma, unachoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka, kwenye magunia kumi ya mlangoni, unapeleka maabara. Wauzaji waliujua kuliko mimi. Ya mlangoni yalikuwa safi kama ya maonyesho ya Nane Nane. Ya katikati tuliyafungua tumeshalipa, yakinuka uvundo.

Wakaguzi wa nafaka wana kanuni ya siku nyingi: mzigo ukizidi magunia 100, chukua sampuli kwenye idadi sawa na kipeuo cha pili cha magunia yote. Kwa lori la magunia 300 hiyo ni 17 na kitu, unapandisha kuwa 18. Sasa 18 yapi? Siku ya kwanza nilipiga kura kabla ya kushusha. Likatoka gunia lililolaliwa na mengine rundo zima, makuli wakabaki wananitazama. Nikaachana nayo.

Nikahamia sampuli ya kimfumo: napiga kura ya pa kuanzia, kati ya 1 na 16, kisha nachoma kila la 16 linaposhushwa. Wiki ya pili nikagundua kila gunia langu linaletwa na kuli yuleyule. Walikuwa wanne, wanabeba kwa zamu, na 16 inagawanyika kwa 4! Jamaa kashapewa ya soda, anajua lini aje na gunia zuri. Nikabadili, kila la 17. Wakati mwingine napata magunia 17 badala ya 18, si kitu.

"Dada, leo umekosea hesabu," kuli yule akaniambia. Nikamwambia endelea kubeba.

Kwa unyevu na punje zilizovunjika, hiyo ilitosha. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, ndiyo iliyonitoa jasho, maana haikai sawasawa: punje chache zinaweza kuharibu gunia zima. Nilikuwa nachota kiganja cha mahindi mazima kwenye ndoo, napima mara mbili, majibu hayafanani kabisa. Siku hizi bambo linapita juu, kati na chini ya gunia, nachanganya zote, nasaga zote, ndipo nachota cha kupima. Mzigo ukiwa wa wakulima wawili, kila mmoja namhesabia peke yake. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa kilo.

Lori la kwanza lilipokataliwa, muuzaji alisimama getini akidai nichome upya, nianzie yale kumi ya mlangoni.